Wagonjwa Arobaini wa Kompyuta ya Ndani

Kompyuta ya ndani haina chuma wala waya. Kaka Leonidas alinieleza hivyo siku aliponiita kutoka kwenye karai la vyombo, mikono yangu ikiwa bado ina povu. Alisema, tazama, hii ya mezani ni kompyuta, na ndani yake nimefungua nyingine, nayo inaamini kwamba ni kompyuta kamili. Ina saa yake na neno lake la siri. Inawaka, inazimika. Tukiiharibu, ya mezani haijui kitu. Tukiifuta, halibaki hata vumbi.

Nilitazama. Ndani ya kioo palikuwa na kioo kingine kidogo, cheusi, na herufi nyeupe zilikuwa zinashuka humo taratibu kama ulezi unaopepetwa siku isiyo na upepo mkali. Nilihisi kama ninachungulia nyumba ya watu dirishani. Nikafuta povu kwenye gauni. Mimi si mtu wa kusema.

Jina langu ni Cornelia. Niliacha shule darasa la tano, mwaka mama alipoanza kuumwa, kwa sababu mimi ndiye mkubwa na kisima kilikuwa mbali. Mama alikufa mwaka uliofuata. Yeye aliitwa Redempta. Hakuacha picha. Msalaba wa mbao juu ya kaburi lake uliliwa na mchwa, jina likiwamo. Baba alipooa tena, nyumbani wakaacha kulitaja, si kwa ubaya, ni kwa kumwonea haya mke mpya. Na nilipokuja Sumbawanga kutafuta kazi ya usafi, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kumjua.

Ofisi yetu ilikuwa chumba cha mwisho katika jengo refu lililokuwa la ushirika zamani. Juu ya mlango bado ungeweza kusoma nusu ya maneno ya rangi ya kijani yanayohimiza wakulima. Sasa kila chumba kilikuwa na mpangaji wake: saluni, muuza simu, fundi cherehani, duka la dawa za mifugo, halafu sisi. Barabara ya lami ilikuwa ndiyo kwanza inatufikia kutoka Tunduma, na juu yake zilikuja kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya, zimefungwa kwa kamba kama mitumba. Kaka Leonidas alinunua tatu. Yeye na mwenzake Timoth walikuwa wanatengeneza programu ya kadi za wagonjwa kwa ajili ya zahanati za vijijini. Mgonjwa akifika, nesi anaandika jina, kadi inafunguka, inaonekana aliumwa nini mara ya mwisho na aliambiwa arudi lini.

Kila walipobadilisha kitu katika programu hiyo ilibidi waijaribu kwenye kompyuta safi kabisa, kama ile ambayo zahanati ingeitoa kwenye boksi. Hatukuwa na kompyuta safi. Ndiyo maana zikatengenezwa za ndani, sita kila asubuhi, na jioni zote zikafutwa.

Kazi ya kuzitengeneza nilipewa mimi. Kaka Leonidas aliandika hatua thelathini na moja kwenye daftari la shule. Chagua ukubwa. Weka mfumo. Subiri. Andika saa. Chagua kibodi. Weka neno la siri. Weka ghala la kadi. Weka programu. Maneno mengi yalikuwa ya Kiingereza na sikuyajua, lakini niliyajua kwa umbo, kama unavyomjua mtu kwa mwendo wake kabla hajafika karibu. Hatua ya mwisho, ya thelathini na moja, ilisema: Ingiza wagonjwa arobaini.

"Tunga tu majina," kaka Leonidas aliniambia. "Mpe kila mmoja umri, kijiji na ugonjwa. Ni wa kujaribia tu, Cornelia. Hakuna atakayewasoma."

Hapo nilikwama siku nzima. Kuandika jina la mtu aliye hai, halafu mbele yake ukaandika malaria au kifua kikuu, ni kitu ambacho kwetu mtu hakifanyi. Ni kama kuuonyesha ugonjwa mlango wake. Na kutunga nilishindwa, maana kila jina lililonijia lilikuwa na mwenyewe. Nikiandika Malimi, namwona Malimi. Nikiandika Hellena, namwona Hellena amebeba kuni.

Basi nikawakumbuka watu wa Novemba.

Kijijini kwetu, kila mwezi wa marehemu, jumuiya yetu iliandika majina ya waliotangulia kwenye karatasi moja, ikapelekwa altareni ili waombewe kwenye misa. Mzee Zenon, mwenyekiti wa jumuiya, macho yalikuwa yamemchoka, kwa hiyo tangu nikiwa darasa la tatu alinipa mimi kalamu. Niliiandika karatasi ile mwaka hadi mwaka, hata baada ya kuacha shule. Majina nilikuwa nayo kichwani kwa mpangilio wake. La mwisho nililoliongeza mimi mwenyewe lilikuwa la mama. Karatasi yenyewe ilichomwa kila mwezi huo ulipoisha.

Marehemu hawaumwi tena. Nikaona hao ndio watu pekee ninaoweza kuwapa ugonjwa bila kuwadhuru.

Hata hivyo niliwapa vitu vidogo. Sikumpa mtu yeyote kile kilichomuua. Huyu nilimpa mwiba mguuni, yule chokea jichoni. Bibi mmoja aliyekufa kwa uzazi, zamani, kabla sijazaliwa, nilimpa kikohozi cha vumbi. Mama nilimpa jino.

Basi kila asubuhi, wakati ukungu bado umelala juu ya mabati na watu wanapita nje wamejifunga mablanketi, niliketi mbele ya kioo nikawaandika. Arobaini, mara sita. Vidole vyangu vilikuwa vizito mwanzoni, halafu vikazoea. Niliwaona wanaamka mmoja mmoja mahali ambapo hapakuwa na baridi, wanakaa kwenye benchi refu la zahanati isiyokuwepo, wanasogea kumpisha anayefuata. Hawakuzungumza. Mama alikaa karibu na mlango, ameshika shavu. Nikifika kwenye jina lake nilipunguza mwendo. Redempta. Herufi nane, nikazibonyeza kana kwamba kila moja ina joto lake.

Jioni kompyuta iliniuliza: Una uhakika unataka kufuta? Nilibonyeza ndiyo, wala sikuumia sana, kwa sababu kesho asubuhi ningewaandika tena.

Timoth alikuwa ananitania. "Mama Kimya, wagonjwa wako hawajambo leo?"

Nilitikisa kichwa kwamba hawajambo.

"Hawaponi hawa watu. Miezi minne sasa mafua ni yale yale. Dawa zenu feki."

*

Siku moja mwezi wa sita kaka Leonidas alisimama nyuma yangu muda mrefu. Nilikuwa kwenye kompyuta ya ndani ya nne, hatua ya kumi na mbili.

"Timoth," akasema, "huyu binti anatumia asubuhi nzima kujenga kitu tunachokivunja jioni. Ujinga huu ni wetu, si wake."

"Si nilikwambia, mshikaji. Andika maagizo, kompyuta ijijengee yenyewe. Wenzetu ndivyo wanavyofanya siku hizi. Faili moja tu."

Kaka Leonidas alichukua daftari langu. Kwa siku tatu alilinakili lote katika faili moja, hatua kwa hatua, kwa lugha ambayo kompyuta inaielewa. Alipofika mwisho wa daftari alikuta wagonjwa wangu arobaini, niliokuwa nimewaorodhesha humo, nao akawanakili. "Majina mazuri haya," alisema. "Ungedhani ni watu kweli."

Nikainama kuokota kitu ambacho hakikuanguka.

Siku ya kwanza ya kujaribu faili lile, alibonyeza amri moja tu kisha akaondoa mikono. Herufi zilianza kushuka zenyewe. Kompyuta ya ndani ilijichagulia ukubwa, ikajiwekea saa, ikajiandikia neno la siri. Kisha ikafa. Alijaribu tena, ikafa palepale. Mara ya tatu Timoth alipiga meza na kikombe cha chai kikamwagika.

"Hatua ya kumi na tisa," kaka Leonidas alisema. "Kila kitu kimeandikwa kama kwenye daftari. Cornelia akifanya kwa mkono inakubali. Kwa nini?"

Nilikuwa nafuta chai. Nilijua kwa nini. Nilisubiri labda watagundua wenyewe, lakini hawakugundua, basi nikanyoosha kidole kwenye kitaa kidogo chini ya kompyuta ya mezani, kile kinachopepesa inapokuwa na kazi.

"Nini? Taa?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Huwa unasubiri itulie?"

"Ndiyo, kaka," nikasema. "Ghala linakuwa bado halijaamka. Kwenye daftari haipo. Nilikuwa naona tu."

Walitazamana. Kisha Timoth alicheka mpaka akakaa chini. "Miezi minne! Miezi minne anaisubiri iamke, sisi tunajisifu ni werevu!"

Kaka Leonidas aliongeza mstari mmoja kwenye faili: ghala lisipoitika, subiri, uliza tena. Akabonyeza amri. Sita zilisimama zote, moja baada ya nyingine, hata maji ya chai mpya hayajachemka. Na mwisho kabisa, kwa kufumba na kufumbua, majina arobaini yalishuka kwenye kioo kama kundi la ndege linalotua shambani. Sikuwahi hata kuliona la mama. Nilijua tu kwamba limepita.

Sikufukuzwa kazi. Nilidhani nitafukuzwa, lakini kaka Leonidas alisema mtu anayeona taa anafaa kujaribu programu, basi akanipa kiti karibu na Timoth. Kazi yangu ikawa kubonyeza kila kitu na kuandika penye kosa. Ilikuwa kazi nzuri kuliko ya kwanza. Watu wa saluni wakaanza kunisalimia kwanza.

Ila kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu. Mama sasa alikuja bila kuitwa. Kila asubuhi alikuwepo, katika zote sita, na jino lake, bila mimi kumgusa. Wiki mbili za kwanza nilifurahi. Nilifungua kadi yake nikaitazama. Wiki ya tatu nilikuwa na makosa mengi ya kuandika, nikasahau kuifungua. Nilikumbuka jioni, njiani, katikati ya mtaa, nikasimama na ndoo kichwani. Siku nzima haikupita herufi hata moja ya jina lake katika mikono yangu.

Nilianza pia kuogopa. Timoth alikuwa amesema mara mbili kwamba majina yale yamezeeka, afadhali aweke mapya. Nilijua ingemchukua dakika moja. Zamani ningeweza kumrudisha kesho yake kwa vidole vyangu. Sasa kila kompyuta ya ndani ilizaliwa kutoka kwenye faili lile moja, na asiyekuwa kwenye faili hangezaliwa popote. Nilitaka mama abaki humo. Hilo tu. Ndipo mahali pekee duniani alipoandikwa.

*

Mwezi wa nane alikuja nesi kutoka zahanati ya Ilemba. Programu ilikuwa karibu tayari, na kaka Leonidas alitaka nesi halisi aijaribu mbele yetu kabla haijapelekwa kokote. Alifika asubuhi na basi, bado amejitanda khanga mbili kwa ajili ya baridi ya huku juu, akalalamika kwamba wao kule bondeni wamesahau sweta ni kitu gani. Alikuwa mama mnene wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilichuchumaa nikapiga makofi taratibu kama tunavyosalimia nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ee, hapa mjini bado mnasalimia hivi? Mungu awabariki. Mimi ni nesi Angela."

Sikumtambua. Kuna akina Angela wengi.

Kaka Leonidas alimkalisha, akabonyeza amri, kompyuta ya ndani ikajijenga mbele ya macho yake. Nesi Angela alishika kifua. "Inajiandika! Haina mtu?"

"Haina mtu, mama," Timoth alisema. "Sisi tunakula tu mshahara."

"Haya, nifanye nini?"

"Tafuta mgonjwa," kaka Leonidas alisema. "Jina lolote. Andika herufi za mwanzo tu, litakuja."

Nesi alishusha miwani, akanyoosha kidole kimoja. Sijui kwa nini aliandika alichoandika. Labda mtu akiambiwa aandike jina lolote, kidole kinajiendea chenyewe. Alibonyeza F, akatafuta L, akabonyeza, kisha A.

Kadi ikafunguka. Flavian, mtoto wa Angela. Miaka mitatu. Jina la kijiji chetu. Mafua. Arudi Alhamisi.

Nesi Angela aliondoa mkono kwenye kibodi akauweka juu ya meza, kama mtu anayeweka kitu kizito.

"Nani amemwandika mwanangu humu?" akauliza.

"Mama, hayo ni majina ya kutunga," kaka Leonidas alisema.

"Huyu hakutungwa. Huyu nilimzaa."

Timoth alijaribu. "Labda yamefanana tu, mama. Akina Flavian wako wengi."

"Flavian wa Angela, kijiji kile, miaka mitatu? Sogeza chini. Sogeza." Timoth alisogeza. Nesi alisoma kwa sauti, jina moja, la pili, la tano. "Huyu alikuwa jirani yetu kabla sijapelekwa Ilemba. Huyu alinifundisha katekisimu. Hawa wote wamezikwa. Ninyi vijana, mmeweka nini ndani ya hiki kitu?"

Timoth alirudisha kiti chake nyuma kidogo. Kaka Leonidas akanigeukia, na uso wake ulikuwa unaniomba.

"Cornelia ndiye aliyetunga," alisema. "Ni bahati mbaya tu yamefanana. Ulitunga tu, si ndiyo, Cornelia?"

Nilihitaji kutikisa kichwa kukubali. Hicho tu, nami ndivyo nilivyowajibu watu maisha yangu yote. Ningetikisa, nesi angeshangaa, angelia kidogo, wangelitoa jina moja la Flavian, na wengine wangebaki. Mama angebaki karibu na mlango, ameshika shavu. Nililiona lile benchi refu. Nilimwona mtoto akiwa amekaa juu yake, miguu haifiki chini, miezi yote ile mimi nikimwandika bila kujiuliza kama yuko mtu anayemtafuta.

"Hapana, kaka," nikasema. "Sikutunga. Niliwaandika."

Sauti yangu ilikuwa ngeni hata kwangu. Nesi aligeuza kiti.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyekuwa naandika karatasi ya Novemba. Ya jumuiya."

Alinitazama mikono. "Ile yenye mwandiko wa duara? Ilikuwa yako? Kale kasichana?"

"Ndiyo, mama. Niliambiwa niweke wagonjwa. Sikutaka kumpa ugonjwa mtu aliye hai. Nikaona hawa hawawezi kudhurika tena. Sikufikiri kwamba nyie mtawaona. Nisamehe."

Saluni walikuwa wamefungulia redio, na mtu alikuwa anacheka huko.

"Kwa nini mafua?" nesi aliuliza.

"Nilichagua kitu kidogo."

"Alikufa kwa surua. Siku nne tu." Alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya khanga, akaivaa tena, akakisogelea kioo. "Mafua," alisema. "Na Alhamisi alirudi?"

"Alhamisi haijawahi kufika, mama. Tunawafuta kila jioni."

Alitikisa kichwa polepole, kama nesi anayesikiliza maelezo ya mgonjwa. Kisha akamgeukia kaka Leonidas. "Nikitaka kumwandika amepona, nabonyeza wapi?"

Kaka Leonidas alimwonyesha kwa kidole. Nesi alibonyeza. Programu ilikataa. Kikatokea kisanduku chekundu: Mgonjwa ni chini ya miaka mitano. Weka uzito.

"Samahani, mama," Timoth alisema haraka, "naweza kuruka hapo, ni..."

"Acha." Aliandika bila kufikiri. Kilo kumi na mbili na robo. "Nilimpima mwenyewe," alisema.

Kadi ikageuka rangi ya kijani, ikajifunga. Tulikaa tukitazama kioo kitupu. Sijui alikuwa anaona nini humo. Mimi nilimwona mtoto anateleza kutoka kwenye benchi, tumbo kwanza, kama watoto wanavyoshuka, na anaelekea mlangoni mbio.

Nesi Angela alipenga kamasi kwa nguvu. "Programu yenu ni nzuri," akasema. "Inauliza uzito. Hiyo msiitoe, hata mkiombwa. Lakini watu hawa watoeni. Siku moja mtasahau, zahanati yangu itawashwa wao wakiwa humo ndani, na mama wa mtu atakuwa amesimama mbele yangu. Mimi nimeweza. Mwingine hataweza."

"Tutaweka Mgonjwa wa Kwanza mpaka Mgonjwa wa Arobaini," Timoth alisema.

"Mjinga wewe! Kazi yote ni kutafuta majina. Watu wanne wana jina moja, mmoja hajui tarehe yake ya kuzaliwa, mwingine ana jina la ubatizo na la nyumbani. Nitajifunzaje na Mgonjwa wa Kwanza? Leteni majina ya watu. Walio hai. Waombeni ruhusa, waambieni ni mchezo." Akanishika kiwiko. "Wewe mwenye mwandiko wa duara. Wewe nenda kaombe."

*

Niliomba kitu kimoja kwa kaka Leonidas, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwomba kitu. Niliomba asubuhi moja.

Alinipa. Faili hatukulitumia. Nilijenga kompyuta ya ndani moja kwa mkono, kwa daftari, hatua zote, nikasubiri taa itulie. Kisha nikawaandika kwa mpangilio wa Novemba, ila Flavian peke yake sikumwandika. Sikuharakisha. Kila niliyemaliza kumwandika niliifungua kadi yake nikabonyeza amepona. Mwiba ulitoka. Kikohozi cha vumbi kiliisha. Kadi moja baada ya nyingine ziligeuka kijani, na benchi likaanza kuonekana mbao zake.

Mama nilimwacha mwisho. Redempta, jino. Nilikaa na vidole juu ya kibodi mpaka mwanga wa dirishani ukahama kutoka meza yangu kwenda ya Timoth. Timoth hakunitania. Alitoka akakaa nje, akaacha mlango wazi, na upepo wa uwandani ukaingia na harufu ya nyasi zilizochomwa. Nikabonyeza.

Kisha niliifuta kompyuta ile, na nikaenda kwenye faili la maagizo, nikatoa majina yote arobaini. Palibaki mahali patupu katikati ya mistari. Kaka Leonidas alinionyesha jinsi ya kuhifadhi.

Baada ya hapo nikachukua daftari jipya nikatoka nje.

Nilisimama mbele ya jengo muda ambao ungetosha kupika ugali. Watu walipita. Bodaboda wawili waliniuliza ninaenda wapi. Ng'ambo ya barabara alikaa Kashinje, mama wa Kisukuma ambaye jamaa zake walikuja na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga, anauza maziwa kwenye madumu ya njano. Wakati huo nilimfahamu kwa sura tu. Nilivuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lita moja?"

"Hapana, mama. Naomba jina lako. Niliandike kwenye kompyuta, nikupe ugonjwa."

Alinitazama, kisha akalitazama daftari. "Unataka kuniloga mchana kweupe, na kalamu?"

"Ni wa mchezo, mama. Manesi wanajifunzia. Ukikataa siandiki."

"Mbona unatetemeka? Mchawi hatetemeki." Alifunika dumu. "Haya, kabla sijakupa jina langu nikujue kwanza. Wewe ni binti wa nani?"

Ni swali ambalo mtu yeyote angeuliza. Kwa miaka mitatu mjini sikuwahi kuulizwa, kwa sababu sikuwahi kumwomba mtu kitu.

"Wa Redempta," nikasema.

"Redempta," alirudia, kwa sauti kubwa ya watu wanaoita ng'ombe, mpaka mwenye saluni akachungulia. "Redempta yupi?"

"Wa upande wa mteremkoni. Alishafariki. Alikuwa mrefu. Alikuwa anaimba alto."

"Ahaa. Basi, binti Redempta, niandike. Kashinje. Lakini mafua sitaki, mafua ninayo kila siku. Nipe ugonjwa wa watu wazito."

"Upi, mama?"

Alifikiri kwa makini, mkono kidevuni. Mwenye saluni alikuwa ameshavuka barabara na kitana mkononi, anauliza kuna nini, huyu msichana wa kompyuta kumbe ni binti wa nani. Kashinje alimjibu kabla yangu.

"Presha," akaniambia kisha. "Niandikie presha. Lakini ya kupanda, ya kushuka sitaki."

Nikaandika.